Kikombe cha Mikono Miwili

Mzigo wa tano ulifika Jumanne saa nne asubuhi, na kabla ya saa tano mtaa mzima ulikuwa umeuona. Mama mkwe hakujua kufurahi peke yake. Aliufungulia dirishani, akaipangusa sahani kwa upindo wa gauni lake, kisha akainyanyua juu ili hata aliye ng'ambo ya barabara asikose.

"Muuza mkaa! We muuza mkaa! Tupa jicho huku!"

"Nimeiona, mama. Na hiyo nayo ilikuwa bomu?"

"Ilikuwa bomu, sasa ni sahani. Wanao wewe wamewahi kukutengenezea nini, zaidi ya kukumalizia mboga?"

Muuza mkaa alicheka hadi akaegemea magunia yake. Nyuma ya mama mkwe, karibu na kitanda, mke wa mwana alikuwa amesimama akingoja zamu yake ya kuishika ile sahani. Watu walimwita Fundi tu, kwa sababu ya kazi yake, na hata mama mkwe alimwita hivyo siku wanapopatana.

Mwenye kutuma alikuwa mume wa Fundi, mtoto pekee wa yule mama. Mtaani walimwita Kitasa. Kwanza, alikuwa akitengeneza vitasa na kuchonga funguo. Pili, ukitaka neno litoke mdomoni mwake ilibidi utafute ufunguo wake. Vita vilipoanza alichukuliwa pamoja na wenzake, na siku anapanda gari aliwaambia wasingoje barua. Barua za askari hufunguliwa, husomwa, na palipoandikwa kisichotakiwa hukatwa kwa mkasi. "Mimi sitaki kusomwa," alisema. Badala ya barua alituma vitu. Kule mbele, ganda la mzinga likishatumika hubaki shaba tupu, na askari wana siku nyingi za kukaa wakingoja amri. Hulikata, hulinyoosha, hulipamba kwa nukta za msumari na nyundo, nukta moja baada ya nyingine mpaka litokee ua au nyota au jina la mtu.

Kwanza ilikuja pete. Kisha kikombe cha mama yake. Kisha kibweta cha kutilia sindano, cha mkewe, chenye nukta ndogo kama mbegu za mchicha kuzunguka kifuniko chote. Kisha kikombe cha pili, na sasa sahani.

Alipoipata mkononi, Fundi aliipeleka penye mwanga. Akaitazama. Akaigeuza juu chini, akaitazama tena.

"Unatafuta bei?" mama mkwe akauliza.

"Naangalia tu, Mama."

"Basi angalia upesi, jirani wa juu hajaiona."

Fundi alikuwa akifanya kazi katika karakana ya nguo, kwenye meza ya kukunja pindo kwa mkono. Meza hiyo ilikuwa ya watu wawili, na mwenzake alikuwa mwanamke wa mashoto. Miaka minne wamekaa bega kwa bega, suruali moja inashonwa mguu huu na huyu, mguu ule na yule. Mteja haoni kitu. Lakini Fundi ukimpa suruali yoyote atakuambia mguu upi ni wa nani, maana mishono ya mashoto hulala upande wake na ya mkono wa kulia hulala upande wake, na hakuna namna ya kuificha. Msumari nao ni hivyo hivyo. Mtu huushika kwa mkono mmoja, akapiga kwa mwingine, nao huinama kidogo kuufuata mkono ulioushika. Nukta haiwi duara kamili. Ina upande ulioingia zaidi.

Nukta za kibweta chake zililala kushoto, maana Kitasa hupigia nyundo mkono wa kulia. Nukta za sahani zililala kulia, zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

Alingoja mama mkwe apande ghorofani na sahani yake, akashusha kikombe cha pili kutoka rafuni. Kilikuwa na mistari mitatu ya nukta. Mstari wa kwanza ulilala kushoto. Wa pili ulilala kushoto hadi nusu, chini ya mkono wa kikombe, kisha ukageuka. Kutoka hapo hadi mwisho nukta zote zililala kulia.

Fundi alikirudisha kikombe pale pale, hata na vumbi lake.

Siku mbili alijipa moyo. Labda Kitasa ameumia mkono wa kulia, akajisemea, na sasa anafanya kwa wa kushoto. Mkono si kitu. Watu wanarudi bila miguu wanaishi. Alhamisi mchana, mama mkwe akiwa ghorofani kwa jirani, alitafuta kopo tupu la maziwa na nyundo ndogo ya mumewe, akakaa sakafuni, akajaribu kupiga mstari kwa mkono wa kushoto. Alijigonga dole gumba mara mbili. Nukta zilitapakaa kama kuku waliofukuzwa. Akajaribu tena, na tena, mpaka kopo likajaa. Akalitupa jalalani. Nukta za kwenye sahani zilikuwa za mtu aliyezaliwa na mkono huo.

Jumamosi akaenda kwenye ofisi ya familia za askari. Ilikuwa chumba kimoja chenye benchi mbili na dirisha la waya, na nyuma ya waya alikaa karani mnene mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi.

"Nataka kujua habari za mume wangu," Fundi alisema, akamtajia namba yake.

Karani alipitisha kidole kwenye daftari. "Yupo."

"Yupo wapi?"

"Yupo, dada. Mzigo umeingia Jumatatu, mmekabidhiwa Jumanne. Hii si sahihi ya mama yako?"

"Ya mama mkwe. Lakini huo mzigo haukutoka mikononi mwake."

"Umetoka kwa nani sasa, kwa shetani? Jina lake hili hapa." Akavua miwani. "Dada, hapa kila siku nalia na watu ambao hawajapata hata kifungo cha shati tangu mwaka jana. Wale ndio nawafungulia jalada la kutafutiwa mtu. Anayetuma mizigo hajapotea. Nenda nyumbani ukapakue chakula kwenye sahani yako."

Waliokaa kwenye benchi walicheka, si kwa ubaya, ila Fundi aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Akatoka.

Jioni hiyo mama mkwe alitaka kujibu. Kila mzigo ulipokuja, yeye alisema na Fundi akaandika, kwa kuwa macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu. "Mwandikie mguu bado unanisumbua. Mwandikie nimeota amerudi amenenepa, nikamwambia vua viatu. Mwandikie sahani naitazama kabla ya kulala." Fundi aliandika yote, neno kwa neno. Yeye mwenyewe hakuwahi kuongeza mstari wake hata mmoja. Maneno ya mke kwa mume hayaandikiki mama mkwe akiwa amekuegemea bega, na baadaye mtu mwenye mkasi atayasoma. Safari hii kalamu ilimwia nzito. Alijua anamwandikia mtu, ila hakujua ni nani.

Jibu lilikuja kwa miguu yake, baada ya wiki tatu.

Alikuwa koplo, kijana mrefu, shingo nyembamba, sare imemlegea. Alisimama mlangoni ameshika kifurushi, akasema ametumwa na Kitasa, na kwamba yeye yupo likizoni siku nne. Mama mkwe alimkumbatia kabla hajamaliza sentensi.

"Ingia mwanangu! Ingia, usisimame kama mdai! Fundi, chai! Huyu amelala na mwanangu pango moja!"

"Handaki, Mama," koplo akasema taratibu.

"Hilo hilo. Anakula? Anafua soksi? Mtoto yule tangu zamani hafui soksi."

"Anafua, Mama."

"Muongo wewe. Kakufundisha useme hivyo."

Ndani ya kifurushi mlikuwa na kijitaa cha mafuta, kazi safi kabisa, na kwenye kitako chake nukta zimeandika MAMA. Mama mkwe alikaa chini kwa furaha. Fundi alikuwa haangalii taa. Aliweka kikombe cha chai mbele ya mgeni, akaweka kijiko upande wa kulia wa kikombe. Koplo akanyoosha mkono wa kushoto, akakivuka kikombe, akakichukua kijiko, akakoroga.

Fundi alijikaza. Akangoja mgeni ale, anywe, ajibu maswali ya soksi na ya kikohozi. Alipoinuka kuaga, akamwambia, "Shemeji, kola yako imefumuka. Huwezi kutembea mjini hivyo. Karakana ni hapo tu, njoo nikushonee."

"Haina shida, shemeji."

"Nenda ukashonewe!" mama mkwe akaamuru. "Mwanangu ajue huku tunatunza watu."

Ilikuwa Jumapili, karakana haina mtu. Fundi alikuwa na ufunguo kwa sababu ndiye aliyekuwa akifagia. Walipita kati ya mashine zilizofunikwa vitambaa mpaka kwenye meza ya pindo. Koplo akavua shati, akabaki na fulana. Fundi akatunga uzi, akaanza kushona kweli, maana kola ilikuwa imefumuka kweli.

"Kuanzia nukta ya katikati ya mstari wa pili," alisema bila kuinua macho, "kikombe kile ni wewe. Na sahani ni wewe. Na taa ni wewe. Mume wangu yuko wapi?"

Kijana akavuta stuli, akaketi.

"Tulivuka daraja, shemeji. Tulikuwa kumi na mmoja. Ng'ambo tukajihesabu tisa. Mmoja tukampata mtoni kesho yake. Kitasa hatukumpata."

"Hamkumpata amekufa, au hamkumpata?"

"Hatukumpata. Wengine wanasema walichukua mateka pale. Mimi sikuona. Moshi ulikuwa mwingi."

"Lini?"

"Mwezi wa pili, mwishoni."

Sasa ilikuwa mwezi wa saba. Sindano ilisimama kidogo, ikaendelea.

"Sisi kule tuna kawaida yetu," koplo alisema. "Kazi ya mwenzako hailali nusu. Akiumia, akihamishwa, akipotea, aliyelala naye jirani anaimalizia na inakwenda kwao. Ni heshima. Kikombe kilikuwa kwenye sanduku lake, kimefika nusu. Nikakimaliza. Nikakituma kwa jina lake, kwa sababu ni chake. Nilidhani mtakuwa mmeshapata taarifa. Nilidhani kikombe kitawakuta mnalia."

"Hatukupata taarifa."

"Nilikuja kujua. Barua ya mama ikaja, anamshukuru. Anasema kikombe kimemrudishia usingizi. Tuliisoma pale sita tumebanana. Nani angeandika 'mama, mwanao hayupo'? Kila mtu akanitazama mimi. Nikatengeneza sahani." Akapangusa uso kwa kiganja cha kushoto. "Zile barua za mama nazitunza. Zenye mambo ya mguu. Mimi mama yangu alikufa nikiwa mdogo. Ila shemeji, wewe hukuandika neno lako hata siku moja. Tulisema labda mligombana."

Fundi alikata uzi kwa meno.

"Koplo, unajua ofisini wanasemaje? Wanasema anayetuma mizigo hajapotea. Hakuna anayemtafuta. Kama yupo mahali amefungwa, jina lake halimo kwenye karatasi ya mtu yeyote, kwa sababu ya vikombe vyako."

Kijana alimtazama kama aliyepigwa kofi. Hilo hakuwa amelifikiria, ilionekana wazi. Walikuwa watu sita na hakuna hata mmoja aliyelifikiria.

"Kesho saa mbili," Fundi alisema, akimpa shati. "Tukutane pale mlangoni kwa karani. Useme hivi hivi ulivyoniambia."

"Wataniweka ndani, shemeji. Kutuma kitu kwa jina la askari mwingine..."

"Najua."

"Nitakuja," alisema. Akavaa shati. Akavifunga vifungo vyote, hata cha shingoni.

Jumatatu Fundi aliomba ruhusa kazini, akafunga kikombe cha pili, sahani na kibweta ndani ya kitambaa, akamwambia mama mkwe anapeleka kuonyesha wenzake. Alifika kabla ya saa mbili. Alisimama kwenye ngazi. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Kila sare iliyotokea mwisho wa barabara ilikuwa ya mtu mwingine. Saa nne na nusu aliacha kutazama barabara, akaingia ndani peke yake.

"Dada wa sahani," karani alisema. "Chakula kimeisha?"

Fundi alifungua kitambaa, akapanga vitu vitatu mbele ya waya. Karani akasema ofisi si soko. Fundi akamwambia hana haraka, atakaa. Akakaa kwenye benchi, macho kwenye dirisha, bila kufoka. Akahudumiwa mtu, akaondoka. Akahudumiwa mwingine. Saa sita karani alichoka kutazamwa.

"Haya, niambie basi. Dakika tano."

"Una msumari?"

"Nina msumari wa kutundikia kofia."

"Ung'oe. Na mfuniko wa lile kopo la wino. Na kitu cha kugongea."

Karani alitazama huku na huku, lakini mtu aliyekaa siku nzima nyuma ya waya hakatai mchezo. Akang'oa msumari. Fundi akamwambia apige mstari wa nukta sita kwa mkono wake wa kawaida, akitumia kigongeo cha mhuri. Kisha akamwita mama mmoja wa kwenye benchi aliyekuwa akishika rozari kwa mkono wa kushoto, akamwomba naye apige sita. Mama yule akapiga safi, haraka, kama aliyeifanya kazi hiyo miaka yote.

"Sasa vaa miwani yako vizuri," Fundi akasema. "Zako zimelala wapi? Za mama huyu zimelala wapi?"

Karani aliinamia mfuniko. Akauleta karibu na pua.

"Kibweta hiki kiliingia lini?"

Akafungua daftari. "Tarehe kumi na nne, mwezi wa pili."

"Tazama nukta zake. Mume wangu ni wa mkono wa kulia, hata funguo zote za mtaa wetu ni shahidi. Sasa tazama kikombe. Anza hapa, fuata kidole changu. Unaona anapoishia?"

Kidole chake kilisogea polepole kwenye mstari wa pili. Chini ya mkono wa kikombe kikasimama. Karani naye akasimama hapo. Hata wale wa kwenye benchi walikuwa wamesogea.

Karani aliinuka, akaenda kwenye kabati, akarudi na jalada la kijani. Akafunua karatasi ya mwezi wa tatu. Palikuwa na majina mawili chini ya neno *daraja*. La pili lilikuwa la Kitasa, nalo limepigwa mstari wa wino mwekundu.

"Nililifuta mimi," alisema. "Mzigo ulipoingia. Nilisema huko mbele wamekosea, nikafurahi, unajua? Nilisema angalau mmoja." Akapangusa miwani, akaivaa, akaichukua kalamu. "Nani alimalizia kikombe?"

Fundi alimfikiria yule kijana na vifungo vyake vyote, na mama asiyekuwa naye.

"Sijui," akasema. "Mtu wa mashoto."

Karani alimtazama kidogo, kisha akaandika hivyo hivyo. Akachukua fomu mpya ya kutafuta mtu. Jina, namba, kikosi. Alipofika chini, akauliza, "Mara ya mwisho kupata habari zake?"

Kwa mama mkwe, mara ya mwisho ilikuwa jana. Fundi alimeza mate.

"Tarehe kumi na nne, mwezi wa pili."

"Nikiandika hivi, dada, kuanzia leo ni mtu asiyejulikana alipo. Na taarifa itapelekwa nyumbani kwa mzazi. Siku tatu, nne. Usimwache mama aipokee kwa tarishi."

"Andika."

Akaweka sahihi yake pale alipoonyeshwa. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu vita vianze, kuweka jina lake kwenye karatasi yoyote iliyomhusu mumewe.

Nyumbani alimkuta mama mkwe akimenya viazi. Hakutafuta njia ya kuzunguka. Alivuta kiti, akakaa mbele yake, akamwambia yote tangu daraja hadi fomu. Mama aliendelea kumenya hadi maneno yakaisha. Ganda la kiazi lilikuwa refu, limefika sakafuni.

"Kwa hiyo," alisema mwishowe, "hizo barua alikuwa anasoma yule mtoto wa kola."

"Ndiyo, Mama."

"Nilimweleza habari za mguu wangu."

"Ndiyo."

"Nikamwambia siri ya kaka yangu. Ile ya shamba." Alicheka kidogo, cheko lisilokuwa na sauti, kisha uso wake ukaanguka. "Na wewe ulijua tangu sahani?"

"Nilihisi, Mama. Sikuwa na uhakika."

"Ulihisi, ukaniacha niitembeze mtaa mzima." Akaweka kisu chini. "Ukaniandikia na barua."

Fundi akanyoosha mkono, na mama mkwe akausogeza wa kwake kando.

"Kwa hiyo sasa hakuna. Mwezi huu hakuna kitu kitakachokuja. Na ujao hakuna."

"Sasa wanamtafuta, Mama."

"Nimesikia. Nenda kazini."

"Leo nimeomba—"

"Nenda kazini, mwanangu. Niache."

Fundi akainuka, akavaa viatu, akatoka. Muuza mkaa alimpigia kelele, leo mbona hamna maonyesho, naye akainua mkono tu. Alitembea hadi kona, akasimama; karakana walikuwa wamempa siku nzima na mwenzake anakunja pindo peke yake, miguu yote miwili. Kurudi nyumbani hakuweza, si kabla mama hajamaliza kulia. Hakujua itachukua muda gani. Kama angekuwa na mtu wa kumuuliza, angemuuliza Kitasa, ndiye aliyemjua mama yake.

Jua lilikuwa la saa tisa. Watu walipita na vikapu vyao. Alijibanza kwenye kivuli cha ukuta, na kwa kuwa safari hii hapakuwa na mtu aliyemwegemea bega, alianza kupanga kichwani ile barua aliyokuwa hajawahi kumwandikia mumewe, na akashangaa kwamba hajui aanze vipi.